Kukata utumbo: historia ya vidonge vinavyosahaulika (Sehemu ya 4)

Swali la wiki hii: "Nesi, nikishakata utumbo nikapungua, vidonge nameza mpaka lini?" Jibu fupi: maisha yote. Jibu refu ni historia, na inaanza kwa fundi cherehani.

Mwaka 1881, Berlin, daktari Carl Wernicke aliandika habari za binti wa miaka 20, mshonaji, aliyekunywa tindikali. Hakufa siku ile. Ila kovu liliziba njia ya kutokea chakula tumboni, akawa ni kutapika tu. Wiki zikapita, macho yakashindwa kugeuka vizuri, akawa anayumba akitembea, akili ikavurugika, akafariki. Wernicke aliona ubongo umeumia, sababu hakuijua. Neno vitamini lenyewe lilikuja mwaka 1912! Leo tunajua aliishiwa vitamini B1, ambayo akiba yake mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Kwa hiyo dada uliyekatwa, au uliyewekewa puto pale Mloganzila, ukitapika siku mbili tatu mfululizo usijikaze nyumbani. Nenda hospitali, na useme mapema umefanyiwa nini, maana B1 inatakiwa itangulie dripu ya glukosi.

Upasuaji wenyewe ulianza Marekani. Mwaka 1954 madaktari wa Minnesota waliandika kuhusu kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba ili chakula kipite bila kufyonzwa. Watu walikonda kweli. Wakapata pia kuharisha, mawe ya figo, na wengine ini likafa. Njia hiyo ikaachwa. Edward Mason wa Iowa alikuwa ameona wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda hawanenepi tena, na mwaka 1966 akaanza kutengeneza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo. Njia za leo nyingi zimetoka hapo. Lakini ukiruka ule mwanzo wa utumbo, umeruka pahala pakuu madini ya chuma yanapoingilia mwilini. Maini na dagaa utakula, damu bado itapungua.

Halafu kuna B12. Miaka ya 1920, William Castle wa Boston alikula nyama, akakaa saa moja, akaitapika, ikapitishwa kwa mpira hadi tumboni kwa mgonjwa wa upungufu wa damu. (Jamani, msijaribu.) Mgonjwa alipata nafuu, nyama ya kawaida ilikuwa haimsaidii. Ndipo ikajulikana tumbo zima hutoa kitu kinachosaidia B12 kufyonzwa. Ukikatwa tumbo, kitu hicho kinapungua. Ubaya wa B12, akiba yake ni ya miaka. Ganzi na miguu kuwaka moto vinaweza kuja ukiwa umeshasahau kisu, unahangaika na dawa za kuchua.

Sasa kliniki ya wajawazito. Hapa hapa Dar es Salaam, kuanzia 2001 hadi 2004, wajawazito zaidi ya 8,000 wasio na VVU walifuatiliwa. Wote walipewa madini ya chuma na foliki asidi, nusu wakaongezewa vitamini nyingine, B12 na B1 zikiwemo. Matokeo yalitoka 2007: walioongezewa walizaa watoto wachache zaidi wenye uzito pungufu. Na hao tumbo lao lilikuwa zima!

Wewe uliyekatwa India au hapa, ukifika Mbagala au Mwananyamala ukakaa kimya, utapewa FEFO kama wenzako. Haitoshi. Mwambie nesi, aandike kwenye kadi, upimwe damu na B12. Na uzito ukishuka mimba huingia kirahisi, wakati inashauriwa usubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji. Vidonge vya majira huenda visifyonzwe vizuri, ulizia kijiti au kitanzi.

Jumapili, sehemu ya 5: kalsiamu, vitamini D na mifupa.