Senema na Ukweli: Vita vya Uhuru vya Ayalandi

Ninyi mlio darasani, shikeni kurasa zenu mfuate pamoja nami.

Mtu akitoka kutazama senema ya vita vya zamani husema, "Nimeyaona kwa macho yangu." Je, ameyaona kweli? Leo tutazitazama senema mbili juu ya nchi ya Ayalandi, tupate jibu.

Ayalandi ni kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza, nacho kilitawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi. Wakati wa Pasaka mwaka 1916, wazalendo waliishika Posta Kuu ya mji wa Dublin, wakatangaza jamhuri. Walishindwa kabla juma halijaisha. Mwezi wa Mei viongozi 15 wakapigwa risasi. Basi watu wengi ambao kwanza hawakuwaunga mkono wakaanza kuwalilia. Toka mwaka 1919 mpaka 1921 wazalendo walipigana vita vya kuvizia.

Senema ya kwanza inaitwa "Michael Collins". Ilitengenezwa na Neil Jordan, mtu wa Ayalandi, mwaka 1996. Collins alikuwa mtu wa kweli: ndiye aliyeongoza upelelezi wa wazalendo.

Tazama siku moja tu, Jumapili, Novemba 21, 1920. Asubuhi watu wa Collins waliwaua maofisa na wapelelezi wa Uingereza mjini Dublin. Alasiri polisi na askari wakaenda uwanja wa Croke Park, ambako watu walikuwa wakitazama mpira, wakawapiga risasi. Watu 14 walikufa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 10. Katika senema, gari la deraya linaingia uwanjani na kumimina risasi za bombomu. Hilo halikutokea. Gari lilibaki nje. Waliopigwa risasi uwanjani walipigwa kwa bunduki na bastola.

Tena yuko polisi aitwaye Ned Broy, aliyempa Collins siri za Serikali. Katika senema anakamatwa, anateswa, anauawa. Kumbe Broy wa kweli aliishi! Mwaka 1933 alifanywa mkuu wa polisi wa nchi yake, na alifariki mwaka 1972. Senema ilimwua zaidi ya miaka 50 kabla ya siku yake.

Sasa tuje kwenye mkataba. Mkataba ni mapatano yaliyotiwa saini. Desemba 6, 1921, Collins na wenzake walitia saini mapatano na Uingereza. Sehemu kubwa ya kisiwa ingejitawala, lakini wabunge wake wangeapa kuwa waaminifu kwa Mfalme wa Uingereza. Na wilaya 6 za kaskazini zingeweza kubaki na Uingereza, nazo zikabaki. Bunge la wazalendo likapiga kura Januari 1922: 64 waliukubali mkataba, 57 waliukataa. Waliokuwa wamelala handaki moja wakaelekezeana bunduki. Agosti 22, 1922, Collins aliviziwa na Waayalandi wenzake akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Senema ya pili inaitwa "The Wind That Shakes the Barley", ya mwaka 2006. Aliyeitengeneza ni Mwingereza, Ken Loach. Inaeleza habari za ndugu wawili, Damien na Teddy. Wanapigana pamoja na Waingereza, kisha mkataba unawatenga. Mwisho Teddy, ambaye sasa ni ofisa wa serikali mpya, anaamuru Damien apigwe risasi. Hakuna Damien wala Teddy katika historia, wamebuniwa. Lakini vita vya ndugu kwa ndugu vilikuwako. Mpaka vilipokwisha, mwaka 1923, serikali mpya ilikuwa imewaua wafungwa zaidi ya 70, Waayalandi kama wao.

Mnaona? Senema yenye majina ya kweli ilibadili mambo, na yenye majina ya kubuni ilieleza jambo lililowapata wengi. Kwa hiyo jina la kweli peke yake lisikutoshe. Sisemi msitazame senema. Senema hutufanya tuone uchungu wa watu, na hilo tarehe peke yake haliwezi. Lakini yule mtoto wa miaka 10 alikufa kweli, na kifo chake hakikuhitaji gari la deraya ili kiwe kibaya. Tukiongeza lisilokuwako, anayetaka kukana yote hupata pa kuanzia. Ataonyesha gari, aseme, "Uongo!" Na mtoto yule atasahauliwa pamoja na gari.

Basi, ukimaliza kutazama, uliza: Nani alikuwako? Nani ameandika? Nini kimeongezwa?

Maswali ya kujibu katika daftari:

1. Mkataba wa 1921 uliwagawanya Waayalandi kwa sababu gani?
2. Waliokubali mkataba bungeni waliwazidi waliokataa kwa kura ngapi?
3. Eleza habari moja ya zamani ya kijijini kwako. Uliisikia kwa nani, naye alikuwako?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.