Kongwe au mpya, ndogo au kubwa: historia ya vyombo vinavyowavusha Waunguja

Kila ifikapo Julai, Makunduchi hufurika watu. Wenyeji wa Kijini, Nganani, Kajengwa na Kiongoni waliotawanyika Mjini, Pemba, Dar es Salaam na mwambao wa Kenya hurudi kukoga mwaka. Wanaume hupigana kwa migomba mpaka kinyongo cha mwaka mzima kiishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, kina mama huzunguka wakiimba, na nyumba iliyokosa mgeni siku hiyo hujiona ina upungufu.

Wengi wa wanaorudi kutoka bara huja kwa njia ya maji, na Julai ndio upepo wa kusi umeshika. Ndiyo maana kila mwaka gatini Dar es Salaam huulizwa swali lile lile: tupande chombo gani? Kile kidogo cha siku nyingi, nauli yake nafuu na mabaharia wake tunawajua, au meli kubwa mpya inayong'aa? Historia ya kisiwa hiki inalo jibu, na jibu hilo limelipiwa kwa roho za watu.

Pembe inayotazama bahari kuu

Makunduchi iko kwenye ncha ya kusini mashariki ya Unguja. Mbele yake kuna mwamba, na baada ya mwamba ni bahari kuu. Meli kubwa haina la kufanya hapa, kwa kuwa maji yakitoka hata mtumbwi hukaa juu ya mchanga ukingojea. Chombo cha pwani hii ni ngalawa: gogo lililochongwa likawa jembamba, mirengu miwili ubavuni, tanga moja. Kwa macho ya mgeni ni kitu dhaifu. Kumbe mirengu hiyo ndiyo inayoizuia isipinduke, na wembamba wake ndio unaoipitisha kwenye milango ya mwamba ambamo mashua pana ingepasuka.

Wavuvi wa kusini wamekuwa wakienda dago kwa vyombo vya tanga, wakipiga kambi mbali na kwao mpaka msimu ugeuke. Kisiwa cha ndege kilicho katikati ya bahari, ambacho Waingereza walikiita Latham, sisi tunakiita Fungu Kizimkazi. Na Kizimkazi yenyewe, jirani wa Makunduchi, ina msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Kwa zaidi ya miaka 900, watu wa pembe hii wamepima vyombo kwa kipimo kimoja: je, kinaiweza bahari hii, msimu huu, na mzigo huu?

Kutoka tanga hadi moshi

Mjini, kipimo hicho kilianza kuyumba karne ya 19. Mwaka 1840 kilikuwa bado kimesimama: chombo cha Sultani wa Zanzibar, Seyyid Said, kilichoitwa Sultana na kujengwa Bombay, kilifika New York kwa tanga kikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Kilikuwa kidogo, chini ya tani 400, lakini kilivuka bahari mbili na kurudi salama.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na baada ya hapo moshi ukaanza kuchukua nafasi ya tanga. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuziharibu meli za Sultani zilizokuwa zimetia nanga bandarini. Mwaka huo huo Kampuni ya British India ikaanza kuleta meli za moshi zenye barua na abiria kutoka Aden. Seyyid Barghash, aliyekuwa ndiyo kwanza ana miaka miwili kwenye kiti, akajikuta hana meli huku wageni wakizidi kuleta zao.

Alijibu kwa njia mbili. Aliagiza Uingereza manowari nzuri, Glasgow, iliyojengwa mwaka 1878. Pia akanunua meli za moshi za biashara, zikawa zinakwenda India na kwingineko zikibeba shehena na abiria. Meli za kazi zilizunguka bahari na watu na mizigo. Glasgow, fahari ya bandari, ilikaa nangani muda mwingi kuliko ilivyosafiri. Tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipolipiga mizinga jumba la Sultani, Glasgow ilizamishwa pale pale mbele ya mji. Milingoti yake ikabaki ikichomoza juu ya maji mpaka mwaka 1912 ilipovunjwavunjwa. Kwa muda wote huo, kila aliyeingia bandarini aliiona.

Karne ya 20 meli zikazidi kukua. Kampala na Karanja za British India, zilizoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1940, ziliunganisha Bombay na mwambao wetu hadi Afrika Kusini. Serikali ya Zanzibar ilikuwa na meli zake ndogo, Al-Said na Al-Hathera, za kwenda Pemba. Majahazi hayakuondoka: chokaa, kuni, boriti na watu wenye fedha kidogo viliendelea kuvuka kwa tanga. Baada ya Mapinduzi ya 1964, miaka ya 1970 ikaja MV Mapinduzi kutoka Finland. Kizazi kizima cha Wapemba na Waunguja kilisafiri humo, wengine wamekaa juu ya magunia yao. Meli hiyo ilitumika zaidi ya miaka 30, ikizeeka mbele ya macho ya watu, na haikuzama na abiria wake.

Biashara huria na boti za kasi

Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, watu binafsi waliingia kwenye usafiri wa baharini. Zikaja boti za kasi zilizokata safari ya Dar es Salaam kutoka usiku kucha hadi saa chache, na zikaja meli za polepole kama Flying Horse, iliyoondoka Unguja usiku na kuingia Dar alfajiri. Watu wakaanza kugawanyika kwa mifuko. Mwenye nauli alipanda boti ya kasi. Mwenye ndizi, mihogo na watoto watano alipanda meli ya usiku.

Vingi vya vyombo hivyo vilikuwa vimekwisha kutumika kwingine. Hilo peke yake halina ubaya. Ubaya ulikuja kwa sababu wanunuzi walitazama bei na idadi ya viti, na wachache waliuliza chombo kilijengewa bahari gani.

Usiku wa Nungwi, mchana wa Chumbe

MV Spice Islander ilijengwa Ugiriki mwaka 1967. Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011, iling'oa nanga Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na kibali cha kubeba watu mia sita na kitu. Watu walikuwa wametoka kusherehekea Idd, shule zilikuwa zinafunguliwa, na meli ilijazwa abiria, mchele, unga na vifaa vya ujenzi. Baada ya saa sita usiku ilizama katika mkondo wa Nungwi. Tume iliyoundwa na Serikali ilitangaza kuwa waliofariki na kupotea ni 1,573. Orodha ya abiria haikuwa na msaada, kwani watu waliokuwemo walikuwa wengi mno kuliko maandishi. Miili isiyotambuliwa ilizikwa eneo la Kama.

Wengi wakasema: uzee wa meli ndio uliotuua. Tuletewe vyombo vipya.

Haukupita mwaka. Tarehe 18 Julai 2012, katika mwezi ule ule wa kusi, MV Skagit iliondoka Dar es Salaam mchana kuja Unguja ikiwa na watu wapatao 290. Karibu na kisiwa cha Chumbe ilipigwa na mawimbi ikapinduka. Waliookolewa walikuwa kama nusu tu.

Skagit haikuwa kongwe kama Spice Islander. Ilijengwa mwaka 1989 kusini mwa Marekani, urefu wake mita 34, ya kuchukua abiria 250, na ilifanya kazi Jimbo la Washington. Maji ya kule ni ya ghuba, yamezungukwa na ardhi na visiwa. Kwa maji yale ilitosha. Mkondo wa Unguja wakati wa kusi una wimbi linalosafiri kutoka bahari kuu bila kizuizi, na boti ile haikuumbwa kukabiliana nalo. Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu siku chache baadaye.

Ukiviweka vyombo hivi viwili pamoja, hoja ya umri inapungua nguvu. Spice Islander iliuawa na mzigo. Skagit iliuawa na bahari isiyokuwa yake, nayo pia ilikuwa na watu kupita kiasi. Hata chombo cha kisasa hakina kinga: Januari 2014 wimbi liliwasomba abiria wa boti ya Kilimanjaro II karibu na Nungwi, na baadhi yao wakafa.

Kwingineko duniani

Tazama maziwa yetu. MV Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma kwa reli, ikazamishwa vitani mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kuanza tena kazi 1927. Ilihudumia Ziwa Tanganyika hadi karne ya 21. MV Bukoba haikuwa na miaka 20 ilipopinduka Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia. MV Nyerere, kivuko cha mwaka 2004 cha kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kikaua watu 228.

Meli za kitalii nazo zinasema hayo hayo. Oceanos, iliyojengwa mwaka 1952, ilizama pwani ya Afrika Kusini mwaka 1991. Wote 571 waliokuwemo waliokolewa. Januari 2012, miezi sita kabla ya Skagit, Costa Concordia iligonga mwamba huko Italia ikiwa na umri wa miaka sita tu na ukubwa wa zaidi ya tani 114,000. Watu 32 walikufa. Leo zimejengwa kubwa zaidi: Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na inaweza kuchukua abiria 7,600. Jitu la namna hiyo likija Unguja litatia nanga nje, na watu wake wataletwa ufukweni kwa boti ndogo. Mtalii anayechagua meli huchagua raha, bwawa na mandhari. Mtu wa Makunduchi anayerudi kukoga mwaka hana anasa hiyo. Yeye anachagua kufika.

Mstari ubavuni

Kuna kitu kidogo ambacho kila msafiri anaweza kukiona kwa macho yake gatini. Ubavuni mwa meli, katikati, pamechorwa duara lililokatwa na mstari. Ndiyo alama ya Plimsoll, iliyopewa jina la mbunge wa Uingereza Samuel Plimsoll, aliyepigania sheria ya mwaka 1876 baada ya mabaharia wengi kufa katika meli zilizojazwa kupita kiasi na wenye mali waliokuwa na bima. Pembeni ya duara kuna vijistari vingine, kwa maji ya baridi, ya joto, ya chumvi na yasiyo chumvi. Maana yake ni nyepesi: maji yakiupita mstari unaohusika, meli imebeba kuliko inavyostahimili. Mstari ule haujali meli ni kongwe au mpya, na haujali ni ya nani.

Wazee wa vyombo vya tanga walilijua hilo bila mstari. Nahodha wa jahazi alitazama farumi, ule uzito wa chini unaokituliza chombo, akatazama shehena ilivyopangwa, akashuka kuangalia maji ndani ya chombo, ndipo akakubali kutweka. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Usalama wa chombo uko chini, mahali abiria hapaoni.

Kwa sababu hapaoni, uchaguzi huu hauwezi kuachiwa abiria peke yake. Baada ya misiba ile miwili mengi yalibadilika. Boti mpya zilizojengwa Australia zilichukua sehemu kubwa ya safari za Dar es Salaam na Unguja, na Desemba 2015 ikafika MV Mapinduzi II kutoka Korea Kusini, ya kuchukua abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Ni hatua za kweli, na waliozisimamia wanastahili shukrani. Lakini upya huchakaa. Meli mpya ya leo ndiyo kongwe ya mwaka 2045, na siku hiyo kitakachotulinda ni mkaguzi anayeingia ngamani na ofisa bandari mwenye ujasiri wa kusema "haiondoki", hata mwenye meli akiwa mkubwa na watu wakipiga kelele kuwa Idd imewapita.

Msafiri naye ana wajibu wake. Akate tiketi kwa jina lake halisi, na watoto waandikwe. Asipande chombo anachoona kimejaa, hata kama jirani yake amepanda. Aulize boya la kujiokoa liko wapi kabla chombo hakijatoka gatini. Na upepo ukitangazwa kuwa mkali, akubali kulala Dar usiku mmoja zaidi. Makunduchi wanaokoga mwaka kila mwaka watamsubiri, na akichelewa siku moja atasamehewa.