Damu iliyoganda na damu iliyoshikana

Taarifa za afya hupenda kuandika kwamba kirusi cha mafua "hugandisha damu". Neno hilo lina kazi nyingine. Damu ikiganda, kama kwenye kidonda, protini zake hujisuka nyuzi na umajimaji ukawa bonge. Kirusi cha mafua kikichanganywa na damu maabara hakifanyi hivyo: kinazishika chembe nyekundu, moja huku na nyingine kule, mpaka zikawa vishada, na umajimaji unabaki majimaji. Chembe hizo zimeshikana, hazikuganda.

Aliyeliona hilo ni George Hirst, mwaka 1941 huko Marekani. Alikuwa akivuna maji ya mayai ya kuku yenye viinitete vilivyoambukizwa mafua; mshipa ukichanika, chembe za damu ziliambatana mbele ya macho yake. Kipimo kilichotokana na hapo kinatumika hadi leo, na ni kizuri kukitazama. Kwenye kishimo cha sahani ya maabara kisicho na kirusi, chembe huteremka na kutulia chini kama kifungo chekundu. Penye kirusi cha kutosha hakuna kifungo: zimeshikana wavu, zimetanda kishimo kizima.

Protini ya kirusi inayoshika chembe ndiyo ile H ya majina ya mafua kama H1N1 na H5N1. Hunasa sukari iliyo juu ya chembe, na kwa mkono huohuo kirusi hujishikiza kwenye koo la mgonjwa. Basi waandishi wenzangu, tuandike "hushikanisha chembe za damu". Kuganda tukuachie kidonda.