Harufu ya kuungua unapokanyaga breki: Chanzo chake ni nini, na ufanye nini?

Mara nyingi breki hutoa onyo kwa harufu kabla haijashindwa kabisa kufanya kazi. Dereva anayelitambua onyo hilo mapema huenda akahitaji kazi ndogo tu ya fundi. Anayelipuuza anaweza kufika siku atakapokanyaga breki na gari lisisimame, huku likiwa limejaa abiria.

Suala hili lina uzito wa pekee katika eneo la West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Magari yanayohudumia Adumi, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hupita katika njia za vumbi na changarawe, kisha huingia kwenye lami, ambako mwendo huongezeka. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92, na malori ya mizigo huitumia usiku na mchana.

Aidha, magari mengi nchini humo huingizwa yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo. Sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini hata gari la miaka 10 huwa na vipande vya mpira vilivyochakaa ndani ya breki zake.

Kwa nini breki hutoa harufu?

Breki hulisimamisha gari kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,500 linaloenda kilomita 80 kwa saa, likisimamishwa mara moja, hutoa joto linaloweza kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Mwendo ukiongezeka maradufu, joto hilo huongezeka mara nne.

Pedi za breki hutengenezwa kwa nyuzi na unga wa madini vilivyogandishwa kwa gundi maalumu. Joto likizidi, gundi hiyo huanza kuungua na kutoa harufu kali. Wakati huohuo uwezo wa pedi kukamata diski hupungua.

Si kila harufu ni ishara ya hatari. Pedi mpya huweza kunuka katika kilomita mia chache za mwanzo, kisha harufu ikaisha. Vilevile, mfuko wa plastiki, ambao Waganda huuita kaveera, au nyasi kavu zikinasa kwenye bomba la moshi hutoa harufu ya kuungua isiyohusiana na breki. Harufu inayotokea unapobadilisha gia au kupanda mlima, na si unapokanyaga breki, huenda inatoka kwenye klachi.

Jinsi ya kutambua gurudumu lenye tatizo

Endesha gari kilomita chache bila kukanyaga breki sana, kisha simama mahali salama. Sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa na joto linalolingana, yamkini chanzo ni mzigo mkubwa, mteremko mrefu au mazoea ya dereva kuacha mguu juu ya pedali. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko jingine, breki yake haiachii.

Magurudumu ya nyuma yakiwa moto, kagua kwanza breki ya mkono. Huenda haikushushwa yote, au waya wake umeshika kutu.

Fundi hufanya nini?

Hatua ya kwanza ni kuliinua gari kwa jeki, likiwa limeegemezwa vizuri, na kulizungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa gumu, fundi hufungua kidogo skrubu ya kutolea upepo. Gurudumu likilegea papo hapo, maana yake ni kwamba mafuta ya breki yamenaswa, na mara nyingi kosa liko kwenye paipu ya mpira iliyovimba kwa ndani. Lisipolegea, pistoni au pini za kalipa zimekwama. Vumbi la njia za changarawe na kutu ni vyanzo vya kawaida vya tatizo hilo.

Pini husafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Pedi zilizobaki na unene wa milimita 3 au chini yake hubadilishwa, na hubadilishwa kwa magurudumu yote mawili ya upande wa mbele au wa nyuma, si moja peke yake. Vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo, kwani baadhi ya pedi za zamani zina asbesto, ambayo hudhuru mapafu.

Mafuta ya breki nayo yasisahauliwe. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya huchemka katika nyuzijoto zisizopungua 230 za Selsiasi. Lakini mafuta hayo hufyonza unyevu, na yakishajaa maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Nunua chupa ambayo haijafunguliwa, na usiongeze mafuta ya injini, kwani huharibu pete za mpira.

Ukiwa barabarani

Kutoka Arua, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, safari ya kwenda Kampala hushuka zaidi ya mita 500 hadi Pakwach, kando ya Mto Nile. Katika miteremko, ingiza gia ndogo ili injini ikusaidie kupunguza mwendo. Kamwe usizime injini wala kuweka gia huru kwa nia ya kuokoa mafuta.

Ukisikia harufu, toka barabarani, weka jiwe nyuma na mbele ya gurudumu, na usubiri walau nusu saa. Usimwage maji kwenye diski yenye moto kwa sababu inaweza kupinda au kupasuka. Usivute breki ya mkono wakati breki zingali moto. Ukiondoka, ondoa mawe yote barabarani.

Moshi ukionekana kwenye gurudumu, pedali ikiwa laini kuliko kawaida, au gari likivutia upande mmoja, usiendelee na safari. Shusha abiria na umwite fundi afike lilipo gari.