Mkunga na Dhamana Yake: Ukunga wa Nyumbani Kutoka Pwani Hadi Njombe

Methali isemayo "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo" ni ya kale, nayo imo katika mikusanyo ya methali tangu karne ya 19. Siku hizi hutumiwa zaidi kwa fumbo, kumwonya mtu asimdharau yule ambaye huenda akamhitaji kesho. Lakini kabla ya kuwa fumbo ilikuwa kweli tupu. Mwanamke aliyemtukana mkunga wa mtaa wake alijua kwamba usiku wa uchungu hapakuwa na mwingine wa kumwendea. Yafaa kuangalia kwamba methali hii haimsifu mkunga kuwa mwema wala stadi. Yasema tu kwamba hana badala. Na mtu asiye na badala huzua swali gumu: akikosea, ataulizwa na nani? Historia ya mkunga binafsi katika Afrika ya Mashariki, yaani yule aliyemhudumia mzazi nyumbani na kupokea ujira kutoka mikononi mwa jamaa, si mshahara wa serikali wala wa misheni, ni historia ya majibu mbalimbali ya swali hilo.

Jina lenyewe lina mafundisho. Neno mkunga husikika pamoja na kunga, yaani siri na mafunzo ya ndani, na kungwi, mwalimu wa wanawari. Kwa muda mrefu halikuhitaji sifa yoyote. Mkunga alikuwa mkunga. Ndipo katika karne ya 20 maneno yakaanza kuongezwa nyuma yake: mkunga mwenye cheti, mkunga wa jadi, mkunga binafsi. Kila nyongeza ni alama ya zamu mpya katika habari hii. Hakuna aliyekuwa "wa jadi" mpaka alipotokea mwenziwe asiye wa jadi. Wala hakuna aliyekuwa "binafsi" mpaka kazi hiyo ilipokuwa ya serikali.

Katika pwani, mambo ya uzazi yalipata kuandikwa mapema na wenyeji wenyewe. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho Carl Velten alikichapisha mwaka 1903 kutokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenziwe, kinaanza na habari za uzazi na mtoto, kana kwamba desturi nyingine zote hutoka mlangoni humo. Mkunga wa pwani hakuwa mtu wa usiku mmoja. Aliitwa mimba ikiwa bado changa, akapapasa tumbo, akajaribu kumgeuza mtoto aliyelala vibaya, akamwagiza mwanamke vyakula vya kula na vya kuepuka. Uchungu ulipoanza alikaa naye, akampokea mtoto, akafunga na kukata kitovu, akangoja kondo la nyuma litoke, kisha likazikwa. Baada ya hapo alimkanda mzazi kwa maji ya moto, akamfunga tumbo kwa mkaja, na kumwangalia katika siku arobaini za uzazi. Ujira wake ulikuwa nguo, chakula na fedha kidogo, kwa kadiri ya uwezo wa nyumba.

Dhamana ya mkunga wa namna hii ilikuwa katika ujirani. Alijulikana kwa watoto aliowapokea, nao walikua mbele ya macho yake na kumwita bibi. Akifiliwa na wazazi wawili watatu mfululizo, habari zilienea, na watu wakamwacha. Hii haikuwa dhamana ndogo, lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilihukumu matokeo bila kujua sababu. Mtoto aliyekufa kwa pepopunda siku ya saba, kwa sababu kitovu kilikatwa kwa kisu kichafu, huenda asihesabiwe juu ya mkunga kabisa. Na mkunga stadi huenda akalaumiwa kwa kutokwa damu ambako mikono mitupu haikuweza kukuzuia.

Wazo la kumtaka mkunga awe na cheti lilikuja na Waingereza, nao hawakuwa nalo kwao tangu kale. Sheria ya Wakunga ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1902, na tangu mwaka 1910 ilimkataza mwanamke asiye na cheti kuzalisha kwa mazoea na kwa malipo bila kuongozwa na daktari. Shabaha yake ni dhahiri: jirani aliyesaidia mara moja kwa huruma hakuguswa, aliyeguswa ni yule aliyeifanya kazi hiyo kuwa riziki yake. Tangu hapo ujira ndio uliokuwa mpaka baina ya msaada na kazi.

Makoloni na himaya za Afrika ya Mashariki zililipokea wazo hilo kwa njia tofauti. Katika Uganda, Albert Cook na mkewe Katharine walifungua chuo cha wakunga huko Mengo mwaka 1921, kilichoitwa kwa jina la Lady Coryndon. Wahitimu wake wakapelekwa katika vituo vya uzazi mikoani, na Cook akawatungia kitabu cha ukunga kwa Kiluganda. Katika Unguja, Chama cha Uzazi kilianza mwaka 1918, na fedha zake nyingi zilitoka kwa wafadhili wa Kihindi. Kwa miaka mingi palikuwa na mvutano baina ya chama hicho na Idara ya Tiba juu ya nani awe na kauli, hata mwaka 1947 serikali ikakishika. Mvutano huo waonyesha kwamba swali la dhamana halikuwa juu ya mkunga peke yake, bali pia juu ya yule anayemlipa.

Nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika zilikuwa mbali na vyuo hivyo. Nchi ya Wabena ni ya milima na baridi kali, hasa Juni hadi Agosti. Njombe yenyewe iko karibu na meta 2,000 juu ya bahari. Wamisionari wa Berlin walijenga Kidugala mwaka 1898, lakini hospitali ya Kilutheri ya Ilembula ilianzishwa mwaka 1950 tu. Katika nusu karne iliyo baina ya miaka hiyo miwili, wanawake walio wengi walizaa nyumbani mwao, mikononi mwa wanawake wenzao. Mkunga wa huko hakuhitaji tu kujua kupokea mtoto. Alihitaji pia kujua kumtunza asife kwa baridi, na kwa sababu hiyo moto wa jikoni ulikuwa sehemu ya ukunga.

Jambo jingine liliuzidishia ukunga wa nyumbani uzito katika Njombe. Wilaya hiyo ilikuwa chimbuko la vibarua wa mashamba ya mkonge. Tangu mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba, iliyojulikana kwa jina la SILABU, iliandikisha wanaume wa bara na kuwapeleka Tanga na kwingineko kwa mikataba ya miezi mingi. Mume akiwa mbali, hapakuwa na wa kuchukua machela wala wa kutoa nauli. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu alikuwa na mama mkwe, jirani na mkunga, basi. Mashamba ya miwati yaliyoanzishwa Njombe mwaka 1949 yalileta kazi karibu zaidi, lakini hayakumaliza safari za pwani mara moja.

Baada ya Uhuru mwaka 1961, na hasa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali iliikabili habari ya umbali kwa zahanati na vituo vya afya. Kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, pamoja na taabu zake, kuliwakusanya watu karibu na zahanati. Wasaidizi wa afya ya mama na mtoto walifundishwa na kupelekwa huko. Njia nazo zilifunguka: reli ya TAZARA ilipita Makambako katikati ya miaka hiyo ya 1970, na katika miaka ya 1980 lami ikafika Njombe na kuendelea hadi Songea.

Lakini wakati huohuo mkunga wa kulipwa alipoteza nafasi yake katika sheria. Sheria ya Hospitali za Binafsi ya mwaka 1977 iliondoa tiba ya kutafuta faida, ikaacha mashirika ya dini na mengine yaliyokubaliwa. Muuguzi mwenye cheti hakuweza tena kufungua nyumba ya uzazi kwa jina lake. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: bibi wa kijijini, asiye na cheti, aliendelea kuitwa na kupewa kuku au kanga, maana zawadi si biashara, bali mkunga aliyesoma, akistaafu, ustadi wake ulistaafu pamoja naye. Sheria iliyokusudia kuwalinda maskini ilimwacha mzazi wa nyumbani na mkunga asiyefundishwa peke yake.

Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1991, sheria hiyo iliporekebishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wauguzi na wakunga binafsi waliunda chama chao, PRINMAT. Wengi wao walikuwa wastaafu wa serikali waliofungua nyumba ndogo za uzazi katika mitaa waliyokaa. Hapo jibu la tatu la swali la dhamana lilionekana: mkunga huyu alikuwa na cheti kama wa hospitali, na jirani zake walimjua kama walivyomjua bibi wa zamani. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 iliimarisha usajili na leseni, hata malalamiko dhidi yake yakawa na mahali pa kupelekwa.

Mkunga wa jadi naye alipita katika misukosuko. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashirika ya dunia yalihimiza afundishwe, na wengi walipewa mafunzo mafupi na mikoba yenye wembe na uzi. Tamko la pamoja la mwaka 1992, la Shirika la Afya Duniani na mashirika wenzi, bado lilimkubali kwa muda, mpaka wakunga waliosomea watoshe. Kabla ya miaka kumi kupita shauri lilikuwa limegeuka: akaambiwa asizalishe, bali awasindikize wazazi kwenda zahanati. Baadhi ya vijiji vilitoza faini kwa uzazi wa nyumbani. Huduma za uzazi ziliachwa bila malipo hata uchangiaji ulipoanza mwaka 1993, lakini mara nyingi mama aliambiwa aje na glavu, wembe na uzi wake. Hivyo neno "bure" lilikuwa na bei.

Katika Njombe kulikuwa na sababu iliyoshinda zote. Uchunguzi wa mwaka 2011/12 ulikuta virusi vya UKIMWI kwa asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani humo, kiasi kilichozidi mikoa yote ya Tanzania. Damu ya uzazi, ambayo bibi aliishika kwa mikono mitupu miaka yote, ikawa hatari kwake, na mtoto angeweza kuokolewa kwa dawa ikiwa tu mama amepimwa mapema. Ujirani peke yake haukuweza kutoa dhamana ya jambo lisiloonekana kwa macho. Ndiyo maana katika mitaa kama ile iitwayo Mjimwema, katika mji wa Njombe na pia katika mji wa Makambako uliopata kilomita 60 kutoka hapo, haitoshi kuuliza kama mkunga ana mkono mwepesi. Hapana budi kuuliza pia kama ana vipimo, dawa ya kukaza mji wa mimba, na gari la kumwita.

Hesabu za taifa zaonyesha mwendo wenyewe. Uzazi uliofanyika katika vituo vya afya ulikuwa asilimia 47 kwa uchunguzi wa mwaka 2004/05, na asilimia 81 kwa ule wa mwaka 2022. Vifo vya wazazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa mwaka 2015/16, na 104 katika ule wa mwaka 2022. Mabadiliko hayo ni makubwa. Hata hivyo, asilimia 19 iliyobaki si ukaidi mtupu: kutokwa damu baada ya uzazi kwaweza kumwua mwanamke kwa muda wa saa mbili, na penye mvua na giza saa mbili ni safari fupi sana.

Basi historia hii haionyeshi kwamba nyumba ilikuwa na ubaya na hospitali ina wema, wala kinyume chake. Yaonyesha kwamba ujirani bila elimu uliua kwa kutojua, na kwamba cheti bila ujirani kiliua kwa umbali. Kila mara sheria ilipochagua kimoja na kukitupa cha pili, mzazi ndiye aliyelipa. Methali ya wazee ilimwonya mwanamke asimtukane mkunga. Kwa mambo yaliyopita tangu mwaka 1918, onyo hilo lawastahili pia watunga sheria. Na mkunga naye, aliye na cheti na asiye nacho, asisahau kwamba kule kutokuwa na badala si sababu ya kutoulizwa.