Springi au tairi? Kinachoamua kimo cha gari la michezo

Na Mwandishi Wetu, Tanga

MAGARI ya michezo hutengenezwa yakiwa chini ili yatulie yanapokwenda kasi na kukata kona. Sifa hiyo huonekana katika lami ya Segera hadi Tanga, lakini hugeuka adha kwenye matuta ya mitaani na barabara za mawe za Milima ya Usambara, ambako jiwe moja laweza kupasua sampu ya mafuta ya injini.

Kimo cha gari kutoka ardhini huamuliwa na vitu viwili: springi na kipenyo cha tairi.

Springi ndiyo inayobeba bodi. Ikichoka au ikikatwa, bodi hushuka. Baadhi ya magari yaliyotumika kutoka Japan hufika yakiwa tayari yamefungwa springi fupi. Shokapu za kawaida hutuliza mtikisiko tu, hazibebi uzito. Hivyo kufunga shokapu mpya peke yake hakurejeshi kimo kilichopotea.

Kwa upande wa tairi, wengi hudhani kuwa rimu kubwa huinua gari. Hesabu inaonyesha vingine. Tairi la 205/55 R16 lina upana wa milimita 205, ubavu wake ni asilimia 55 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 16. Kipenyo chake chote ni takriban milimita 632. Tairi la 225/40 R18, pamoja na rimu yake kubwa, lina milimita 637 tu kwa kuwa ubavu wake ni mwembamba. Gari hupanda kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani chini ya milimita tatu, huku ubavu mwembamba ukiiacha rimu katika hatari zaidi ya kupinda shimoni.

Tairi la 205/65 R16 lina milimita 673, na huinua gari kwa milimita 20 hivi. Hata hivyo, huweza kugusa bodi usukani unapokatwa hadi mwisho, na hudanganya kipima mwendo: kikionyesha kilomita 80 kwa saa, mwendo halisi huwa takriban 85.

Mafundi wengi huinua bodi kwa kuweka spesa kwenye springi. Njia hiyo huinua sampu na bampa, lakini hubadili pembe za magurudumu, hivyo alaimenti ni lazima, la sivyo tairi zitalika upande mmoja. Aidha, gari lililoinuliwa huyumba zaidi kwenye kona na halipaswi kuendeshwa kwa kasi ya awali.

Kuinua gari la michezo si jambo geni. Katika mashindano ya Safari Rally nchini Kenya mwaka 1978, Porsche 911 iliyoinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini ilishika nafasi ya pili ikiendeshwa na Vic Preston Jr.

Kabla ya kununua chochote, egesha gari mahali tambarare, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Kipimo hicho hakibadiliki kwa ukubwa wa tairi. Kikiwa kifupi kuliko cha gari la aina hiyo hiyo ambalo halijabadilishwa, kasoro iko kwenye springi, na tairi kubwa halitaiondoa.