Ramani za Kale za Vilima Vyetu

Mtu afunguapo ramani ya kale ya Rwanda huona majina ya vilima, mito na njia za misafara. Asiowaona ni wawili: mwenye shamba, na mpagazi aliyechukua vyombo vya kupimia.

Mwaka 1894 von Götzen, Mjerumani aliyeanza safari yake Pangani, alipita Rwanda na kuonana na Mwami Kigeli Rwabugiri. Baada yake alikuja Dr. Richard Kandt, aliyefika chemchemi ya Rukarara mwaka 1898, na mwaka 1907 akaichagua Kigali kuwa makao ya serikali. Wasafiri wa siku hizo walipima njia kwa dira na saa: msafara umeelekea wapi, na umetembea muda gani. Huko Berlin, Sprigade na Moisel waliunganisha vipimo vya namna hiyo kuwa ramani ya kipimo cha 1:300,000, yaani sentimita moja kwa kilomita tatu. Katika kipimo hicho kilima kizima ni alama ndogo tu, na shamba la mtama au migomba halionekani kabisa.

Lakini kalamu iliyochora juu ya karatasi iliamua mambo mazito. Mwaka 1910 Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilipatana juu ya mipaka, na Bufumbira ikawa ya Uganda. Mkulima hakuulizwa.

Wazee wetu nao walipatwa na jambo la namna hiyo. Walikuja na misafara na utawala wa Wajerumani, wakiwa askari, makarani, wakalimani na wafanya biashara, na mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa Al-Fatah. Wabelgiji walipotawala, Waislamu walitengewa mitaa yao, kama Biryogo. Wengi waliishi kwa biashara na ufundi, bila ya shamba la kurithisha watoto.

Kati ya mwaka 2009 na 2013 viwanja zaidi ya milioni 10 viliandikwa nchini. Watu walisimama mipakani pamoja na majirani zao, wakaonyesha mipaka juu ya picha zilizopigwa kutoka angani, na kila kiwanja kikaandikiwa mwenyewe.

Basi na sisi tuwaandike wazee wetu: nani alikaa wapi, na alifanya kazi gani. Ramani ya kale haikuwataja. Tukinyamaza sisi, nani atawataja?